Linki Husomwa Kutoka Nyuma

Wiki ya mwisho ya Juni saiba yetu hapa Kayole hukaa kama stage ya mat saa kumi na mbili jioni. KRA hufunga ritani tarehe 30, ukichelewa faini ni thao mbili kwenda juu hata kama mwaka mzima hukushika kitu, so mtaa wote huamka siku moja. Printa inalia, mtoi anataka smokie, huyu amesahau paswadi, yule amesahau hadi imeili yenyewe. Nimekaa kwa hiyo kiti miaka minne na bado hiyo wiki hunimaliza.

Mwaka jana katikati ya hiyo vurugu akaingia mathe mmoja huuza mitumba upande wa Masimba. Alinipea simu hata kabla akae. "Kijana, nisaidie hapa haraka, KRA wananirudishia pesa." Nikacheki. Imeili ilikuwa safi, manze. Logo iko, "Tulipe Ushuru, Tujitegemee" iko, jina lake limeandikwa vizuri kuliko venye huandikwa kwa risiti ya stima. Halafu batani kubwa: rifandi yako ya KSh 14,320 iko tayari, thibitisha kabla ya saa kumi na mbili leo. Hapo ilikuwa saa kumi na nusu. Alikuwa ameshabonyeza mara moja, akaitishwa namba ya kadi ya benki, akashindwa kuisoma juu miwani ilibaki kejani. Hiyo miwani ndio ilimwokolea doo yake.

Nikaweka kidole juu ya ile batani nikashikilia bila kuachilia. Ukifanya hivyo kwa simu nyingi, linki haifunguki, inajitokeza uione yote. Ilikuwa hivi:

itax.kra.go.ke.malipo-rifandi.top/ingia

"Si hiyo ni KRA?" mathe akauliza. "Imeandikwa hapo, kra, go, ke."

Na alikuwa na haki. Imeandikwa. Ngori iko kwa mahali imeandikwa.

Nikamuuliza, "Mathe, nduthi ikikuletea mzigo kejani, unaielekeza aje?"

"Door namba 6, plot ya kijani, Masimba, Kayole."

"Umeanza na kidogo ukamalizia na kikubwa. Linki hukaa hivyo tu. Sasa mtu akipaka neno Kayole kwa mlango wake na plot iko Rongai, hiyo nduthi itakuwa imefika Kayole?"

Alicheka, halafu akanyamaza. Akavuta simu karibu na macho, akaanza kupitisha kidole kutoka nyuma. Top. Malipo-rifandi. Akafika kwa ke, akasimama. "Ehe," akasema. "Hii ni Rongai."

Nimesomea vitu mob kuhusu kompyuta, lakini sijawahi kuskia mtu akishika hiyo kitu haraka hivyo. So wacha niiweke polepole, venye tuliiweka siku hiyo, juu nataka uende nayo nyumbani.

Ruka ile https na mikwaju yake miwili hapo mwanzo. Songa mbele hadi upate mkwaju wa kwanza uko peke yake. Hapo simama. Kenye kiko baada ya huo mkwaju ni vyumba vya ndani, achana navyo. Sasa rudi nyuma, kushoto, ukihesabu nukta. Kama mwisho ni .com ama .top ama .net, chukua hiyo na neno moja kabla yake. Kama mwisho ni .go.ke ama .co.ke ama .ac.ke, chukua hizo mbili na neno moja kabla. Hapo ndio uko na mwenye plot. kra.go.ke ni plot ya KRA, na itax ni door moja ndani yake. malipo-rifandi.top ni plot ya mkora, na hizo zingine zote kushoto, itax, kra, go, ke, ni rangi amepaka kwa mlango. Mwenye plot huandika kwa mlango kenye anataka, na halipi hata mbao. Lakini jina la plot yenyewe lazima ulinunue, na lile la KRA tayari liko na mwenyewe. Ndio maana huwaona wakizunguka hapo nje, wakibandika maneno kila upande.

Hapa kwetu majina ya .ke husimamiwa na KeNIC, na .go.ke imewekewa serikali. Wewe na mimi hatuwezi kutokea tu tukaipata. eCitizen iko kwa ecitizen.go.ke. So ukiona ecitizen-go-ke.com, hiyo kistari isikuchanganye: kistari si nukta, hakitenganishi kitu. Hapo neno zima ni ecitizen-go-ke, na mwenye plot ni mtu alienda akanunua .com yake. Lakini usifanye .go.ke kuwa dini pia. HELB iko kwa helb.co.ke, na portal ya KUCCPS imekaa kwa kuccps.net, na zote ni za ukweli. Na .co.ke msee yeyote anaweza kununua. Zile majina unatumia kila mwaka, zijue venye unajua namba ya mat yenu.

Najua hizi vitu juu zilinipata.

2021, niko third year, nilikuwa naandikia wasee wa ng'ambo kazi onlaini usiku, mchana klasi. Doo ilikuwa inaingia kwa kampuni moja ya kutuma pesa, ya majuu, na nilikuwa nimeacha hapo kama ngiri 61 ndio nilipe rent na balance ya fee mara moja. Alhamisi usiku, saa tano na kitu, imeili ikaingia: akaunti yako imefungwa kwa muda, thibitisha ndani ya masaa 24 ama pesa irudishwe. Nilikuwa nimelala masaa matatu siku mbili. Nikabonyeza. Ukurasa ulikuwa ule ule, rangi ile ile, hadi maandishi madogo ya chini. Nikaweka paswadi. Ikaniitisha OTP, na OTP ikaingia kwa simu yangu kweli, so nikasema hii ni wao. Nikaiandika.

Kumbe mtu alikuwa upande ule mwingine akichukua kenye naandika na kukiweka kwa akaunti ya ukweli wakati huo huo. OTP ilikuwa ya ukweli. Ilikuwa ya logini yake. Kabla nimalize chai doo ilikuwa imeisha yote.

Asubuhi nilifungua tena ile imeili, kukiwa na mwanga. Nikapanua skrini na vidole viwili hadi herufi zikawa kubwa kama za bango. Jina la hiyo kampuni liko na m katikati. Pale kwa m kulikuwa na r na n, zimebanana. Kwa herufi ndogo za simu, usiku, rn ni m. Nilikaa na hiyo skrini muda mrefu. Rent nilikopa, fee nikaomba muda, na mathe wangu nilimwambia miezi sita baadaye. Hiyo aibu ndio ilikuwa mbaya kuliko pesa, na ndio naichukia hadi leo, juu aibu ndio hufanya wasee wanyamaze na mkora aendelee na mwingine.

Na sio wasee wa mtaa pekee. Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton huko Marekani, mtu alikuwa amefanya kazi Ikulu yao, alipata imeili inasema ni ya Google: mtu ametumia paswadi yako akiwa Ukraine, badilisha sasa. Batani ilikuwa imefichwa nyuma ya linki fupi ya bit.ly. Msaidizi wake hata alifanya kitu ya maana, akaituma kwa wasee wao wa kompyuta waicheki. Jibu likarudi kwamba hiyo imeili ni halali. Yule aliyejibu alikuja kusema baadaye alikuwa anamaanisha si halali, akateleza kwa kuandika. Na hapo kwa jibu lake alikuwa ameweka anwani ya ukweli ya Google. Ikabonyezwa ile ya imeili. Barua zake zaidi ya elfu hamsini zikabebwa, na kuanzia Oktoba, kampeni ikiwa kwa lala salama, WikiLeaks ikaanza kuzimwaga. 2018 serikali ya Marekani ikashtaki maofisa 12 wa ujasusi wa jeshi la Urusi.

Cheki ile linki fupi ilikuwa inaenda wapi:

myaccount.google.com-securitysettingpage.tk

Isome venye mathe alisoma. Mwisho ni tk. Hiyo ni Tokelau, visiwa vidogo huko Pasifiki, na wakati huo majina yao yalikuwa yanapeanwa bure, so wakora walikuwa wanayapenda sana. Kabla ya tk kuna nini? com-securitysettingpage. Hilo neno zima, na hiyo com imeunganishwa na kistari, ndilo jina la plot. google ni mlango tu umepakwa rangi. Macho yako yakianza kushoto yanaona google.com yanatulia. Yakianza kulia hayatulii. Hivyo tu. Nikiiangalia huwa naskia uchungu, juu sekunde tano za kusoma kutoka nyuma zingetosha.

Kuna ujanja zingine zinazunguka hiyo hiyo kitu. Maneno unayoona kwa imeili sio linki. Mtu anaweza kuandika www.ecitizen.go.ke kwa rangi ya buluu, na chini yake akaweka anwani ya kwake. Ni kama makanga anaitisha "Tao! Tao!" na gari iko na namba ya Embakasi, usisikize mdomo, soma kibao. Kwa simu ni kushikilia, kwa lapi ni kuweka mshale juu ya linki bila kubonyeza, halafu uangalie pembe ya chini kushoto. Ukiona @ ndani ya linki kabla ya ule mkwaju wa kwanza wa peke yake, kila kitu kabla yake ni takataka: kra.go.ke@malipo-rifandi.top inakupeleka kwa malipo-rifandi.top. Linki fupi ya bit.ly, ongeza alama ya + mwisho wake kwa browza, itakuonyesha inaelekea wapi kabla uende. QR nayo ni linki imevaa kofia. Simu ikiiskani hukuonyesha anwani kwanza, isome.

Halafu kuna zile herufi za kuazima. 2017 mtafiti mmoja, Xudong Zheng, alisajili jina linafanana na apple.com kabisa, lakini herufi zake zilikuwa za alfabeti ya Kisiriliki, ile aina hutumiwa na Warusi, ambazo ziko na a yake na p yake zisizotofautiana na zetu kwa macho. Browza kadhaa zilionyesha apple.com bila wasiwasi. Chrome ilirekebisha hiyo mwaka huo huo, na sahii mara nyingi jina kama hilo litaonekana likianza na xn-- na herufi za ajabu. Ukiona xn-- kwa kitu inasema ni benki yako, hepa.

Ile hunisumbua zaidi, juu hata mimi huwa naiangalia mara mbili, ni plot ya watu wengi. docs.google.com ni ya Google kweli. Lakini fomu iliyo hapo ndani imetengenezwa na yeyote. Google ndio landlord, mwenye amekodi hiyo door ni msee humjui. Sawa na kurasa za blogspot. So ukisoma kutoka nyuma ukapata jina la ukweli, bado uliza swali la pili: hawa kawaida hukuja kwangu kupitia hapa? Mwajiri wa ukweli, ama ofisi ya skolashipu, haikuombi paswadi kwa fomu ya Google. Hata Google yenyewe huandika chini ya hizo fomu kwamba usiweke paswadi hapo.

Na kufuli. Tafadhali, tuache kuambiana "cheki kama iko na kufuli." Kufuli humaanisha njia kati yako na hiyo tovuti imefungwa, wasee wa katikati hawasomi. Haisemi ni nani uko naye huko mwisho. Cheti cha hiyo kufuli hupatikana bure, na wakora huchukua kama kila mtu. Chrome iliondoa hiyo alama mwaka wa 2023 juu ilikuwa inatuliza watu roho bure.

Kama uko na ile programu ya kutunza paswadi, hata ile iko ndani ya Chrome ama ya simu yako, iachie ikujazie. Mimi natumia hiyo tangu 2021 na siwezi kurudi nyuma. Yenyewe haiangalii rangi wala logo. Huangalia jina la plot, herufi kwa herufi. Ukifika kwa ukurasa na paswadi haijitokezi yenyewe venye imezoea, usiiandike kwa mkono. Simama usome anwani. Ile usiku yangu, hiyo programu ingekataa rn, na ingekuwa na nguvu ya kukataa hata mimi nikiwa nimechoka.

Na hiyo ya kuchoka niiseme wazi. Hizi imeili zimetengenezwa zikupate ukiwa na haraka, njaa ama tamaa ya kumaliza shida. "Ndani ya masaa 24." "Kabla ya saa kumi na mbili leo." Beshte yangu alipata moja ya nafasi ya attachment siku moja tu baada ya kutuma maombi mahali hamsini, so yeye angejuaje? Ukiskia roho imeanza kukimbia, funga imeili. Fungua browza uandike anwani mwenyewe, ingia venye huingia siku zote. Kama rifandi iko, utaipata hapo. Kama akaunti imefungwa, itakuambia hapo. Sijawahi kuskia mtu amepoteza pesa juu aliandika kra.go.ke na mkono wake badala ya kubonyeza.

Ukishabonyeza na kuweka kitu, usikae na aibu. Tumia simu nyingine ama lapi nyingine, badilisha paswadi kwa tovuti ya ukweli, halafu utoe vifaa vyote vimeingia. Kama ni Gmail, ingia kwa mipangilio ucheki kama kuna anwani usiyoijua inatumiwa nakala ya barua zako, juu wakora hupenda kuacha hicho kidirisha wazi hata baada ya wewe kubadilisha paswadi. Pigia benki na namba iko nyuma ya kadi, sio ile iko kwa imeili. Meseji za wizi kwa laini ya Safaricom unazituma 333, bure. DCI wako na 0800 722 203, pia bure. Kutengeneza tovuti ama kutuma meseji ya kuchota siri za watu ni kosa. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 30, iliweka faini hadi KSh 300,000 ama miaka mitatu ndani, ama zote mbili. Na uambie mtu. Mwambie hata mmoja. Mimi nilinyamaza miezi sita na morio wangu wa chumba cha pili akaibiwa na imeili ile ile.

Yule mathe alirudi Februari kutoa fotokopi za birth certificate ya kijana wake. Saiba ilikuwa imetulia. Alikuwa na miwani. Akaniambia kwa grupu ya chama mtu ametuma linki ya basari, na akaifungua mbele yangu, kidole kimeshikilia, akaanza kusoma kwa sauti kutoka nyuma, polepole, herufi moja moja, hadi dem mmoja alikuwa anajaza fomu kwa mashine namba tatu akageuka kuskiza.

"Xyz," mathe akasema. "Halafu basari-yako-leo. Kushoto wameandika education, go, ke." Akavua miwani. "Hii ni Rongai tena."

Akaandikia chama, akalipa mbao mbili za fotokopi, akaenda. Yule dem wa mashine namba tatu akaniuliza, "Rongai ni nini?" Nikavuta kiti.